Marehemu Amebonyeza Ndiyo

Barua ilikuwa na mistari mitatu, na aliyeiandika alizikwa mwezi wa Oktoba.

Widad Shahin aliisoma akiwa bado amesimama, koti mwilini, kahawa ikipoa juu ya meza. Ilikuwa barua pepe iliyochapwa kwenye karatasi, imetumwa Jumapili saa tatu na dakika kumi asubuhi kwa kamati ya udahili ya kitivo cha tiba. "Kazi ile ni yangu," ilisema. "Sikukubali jina langu lishushwe chini ya la Jad. Msimpe nafasi kwa kazi ya mikono yangu." Chini yake: Rim Barakat, maabara namba 412.

Katibu wa kamati aliileta mwenyewe kwa mkono. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuketi.

"Binti huyu amekufa, Bi Widad. Gari lilimshinda dereva barabara ya mlimani ya Dahr el-Baydar, kwenye ukungu. Mimi nilikwenda msibani, nikampa mama yake mkono."

"Najua. Hata mimi nilikwenda."

"Basi nani ameandika?"

"Mtu mwenye vidole." Widad alivua koti. "Nieleze kanuni, halafu uende ukanywe maji. Rangi imekutoka."

Kanuni ilikuwa fupi. Orodha ya wanaopokelewa udaktari inafungwa kesho Alhamisi, saa sita mchana. Jad Zgheib, mwanafunzi wa uzamili wa biolojia, amekwishaomba mara mbili akakataliwa, na chuo cha Ain Saydeh hakimruhusu mtu kuomba zaidi ya mara tatu. Safari hii alikuja na makala ya utafiti iliyotoka kwenye jarida la Ulaya, jina lake likiwa la kwanza, na makala hiyo ndiyo iliyompandisha hadi nafasi ya mwisho kwenye orodha. Ikiondolewa, anadondoka moja kwa moja, na mlango hautafunguka tena.

"Na lalamiko?"

"Lalamiko lazima liwe na jina na sahihi ya mtu wa chuo aliye hai," alisema katibu. "La marehemu halisikilizwi. La kwako pia halisikilizwi, wewe ni mchunguzi. Kama hadi kesho saa sita hakuna aliyeweka sahihi, barua hii inakwenda kwenye pipa na Jad anakwenda kuvaa koti jeupe."

Katibu alipokwisha kuondoka, Widad alifungua makala yenyewe. Ilihusu seli za figo zilizonyimwa hewa, na namna zinavyojaribu kujiponya. Majina matatu: Jad Zgheib, Rim Barakat, Profesa Anis Maluf. Miaka kumi na minane alikuwa polisi wa nyaraka za kughushi, na minne alikuwa akiwachunguza wasomi, na alikuwa amejifunza kuyasoma majina ya makala kama watu wengine wanavyosoma viti vya harusini. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi. Wa mwisho ndiye mkubwa mwenye maabara. Wa katikati alipita, akala, akaondoka.

Lakini kilichomshika si mpangilio. Majarida hutia alama ndogo ya msalaba kando ya jina la mwandishi aliyefariki. Kando ya jina la Rim hapakuwa na kitu. Huko Ulaya walidhani yu hai.

Aliliandikia jarida. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kahawa ya pili. Makala ilipokelewa Septemba, jina la Rim likiwa la kwanza. Wahakiki waliomba jaribio moja lirudiwe. Januari ilirudishwa na jaribio jipya, majina yakiwa yamepinduliwa. Mabadiliko hayo, liliandika jarida kwa adabu, yaliidhinishwa na waandishi wote watatu, kila mmoja kwa barua pepe yake. Bi Barakat aliidhinisha tarehe kumi na nne Januari, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Widad aliinua simu, akapiga ofisi ya kompyuta.

"Akaunti ya Rim Barakat. Mliifunga lini?"

Kijana wa ofisi ile alisikika akigonga vitufe. "Haijafungwa."

"Ana miezi saba kaburini."

"Hakuna aliyetuarifu, Bi Widad. Sisi hatusomi matangazo ya vifo." Akagonga tena. "Tena inatumika sana. Kompyuta mpakato ya maabara 412 inaifungua kila siku. Siku nyingine mara tano. Kuna na simu moja inayopokea, ila haijatuma neno tangu Oktoba."

"Barua ya Jumapili ilitoka wapi?"

"Mpakato."

"Na idhini ya tarehe kumi na nne Januari?"

"Mpakato hiyo hiyo."

Kabla ya kupanda ghorofa ya nne, Widad alipitia kwa walinzi akachukua orodha ya kadi za mlango wa 412. Jumapili, tangu alfajiri hadi magharibi, ukurasa ulikuwa mtupu. Barua imetoka chumbani, na hakuna aliyeingia chumbani.

"Au yumo humo humo," alisema mlinzi, akitabasamu nusu.

Widad alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

*

Koti la Rim lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, jina lake limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu. Kwenye jokofu vibao vya mwandiko wake, herufi ndogo zilizosimama wima: *Rim, usiguse. Rim, Julai. Rim, ukigusa nitajua.* Hakuna aliyevibandua. Waliofanya kazi mle walijifunza kufungua jokofu bila kusoma.

Profesa Anis Maluf alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na sauti ya kuhutubia.

"Bi Widad, karibu. Nasikia tumeandikiwa kutoka ahera."

"Mmeandikiwa kutoka mezani kwako, Profesa. Kompyuta ile pale."

Fundi wa maabara, Bi Sirvart Kasabian, alikuwa kwenye sinki akisuuza chupa. Mama wa miaka sitini na miwili kutoka Burj Hammud, mtaa wa Waarmenia, mikono imebabuka kwa dawa. Hakugeuka. Kijana aliyekuwa ameketi mbele ya hadubini ndiye aliyesimama.

"Jad Zgheib," alisema. "Najua umekuja kwa ajili yangu. Uliza chochote."

Alikuwa na adabu, amenyoa, shati limepigwa pasi. Widad alivuta kiti, akatoa daftari.

"Jaribio walilolitaka wahakiki. Nani alilifanya?"

"Mimi."

"Lini?"

"Novemba, tarehe ishirini na tano hadi ishirini na nane. Saa sabini na mbili, seli ndani ya kabati la joto, nyuzi thelathini na saba."

"Bila kukatizwa?"

"Zikikatizwa zinakufa, Bi Widad. Seli za figo hazina subira."

"Kwa hiyo hazikukatizwa."

"Hazikukatizwa."

Widad aliandika, akageuza daftari. "Soma. Kama ndivyo ulivyosema, weka sahihi."

Jad alimtazama Profesa. Profesa alitazama dirisha. Kijana akaweka sahihi.

"Sasa hili la majina," alisema Widad. "Septemba Rim ni wa kwanza. Januari ni wa pili. Nani alipindua?"

"Mimi," alisema Profesa, bila kupunguza sauti. "Na ningepindua tena leo. Maiti haombi kuingia udaktari. Jina la kwanza kwa marehemu ni kiti cha mbele kilichowekwa kwa mtu ambaye hatakuja. Huyu yupo, ana mikono, ana mwaka wa mwisho wa kuomba. Alirudia jaribio, akaistahili nafasi. Kuna ubaya gani?"

"Rim alikubali?"

"Jarida linasema alikubali."

"Alikubali Januari. Alikufa Oktoba."

Profesa alifunua viganja. "Hapo waulize waliokuwa na neno lake la siri. Mama yake anayo simu yake. Mama huyo anakuja hapa mara kwa mara, anakaa, anashika vitu. Sitaki kumsema vibaya mfiwa, lakini msiba humtuma mtu mambo. Januari anabonyeza hiki, Jumapili anaandika kile."

Chupa iligonga ukingo wa sinki. Haikuvunjika.

"Mama Rim anakuja kufanya nini?" aliuliza Widad.

Jibu likaja lenyewe.

Taa zilizimika. Mashine zilizokuwa zikinguruma zote zilinyamaza kwa pamoja, na katika ukimya huo mtu angeweza kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye chupa za Bi Sirvart. Umeme wa serikali ulikuwa umemaliza zamu yake, na jenereta ya chuo haikuwaka. Wote wanne walisubiri iwake, shingo zimeinama, kama wanavyosubiri watu wote wa Beirut. Haikuwaka.

Kompyuta mpakato ililia mara moja juu ya meza.

Widad aliinuka, akaigeuza kioo. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye sanduku la barua la marehemu. *Rim, umeme umekatika. Joto: nyuzi 37. Thibitisha kuwa umepokea.* Chini yake kitufe cha kijani: Ndiyo.

"Hiki ni nini?"

"Ni kabati la joto," alisema Bi Sirvart kutoka gizani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Umeme ukikatika linamwandikia. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa karibu, hapo Geitawi, dakika tano kwa miguu. Alijiandikisha yeye ili aje mbio kuhamisha seli."

"Na alipokufa?"

"Fundi wa kampuni aliyelifunga yuko Kanada. Kubadilisha jina hakuna ajuaye. Tukifunga barua yake, kabati litanyamaza, na siku umeme ukikatika hatutajua." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Kwa hiyo tunamfungulia. Likimwandikia, tunamjibia."

"Nani anamjibia?"

"Mimi, mara nyingi. Nabonyeza ndiyo. Usipobonyeza linaendelea kuita."

Mpakato ikalia tena. *Rim, joto: nyuzi 36. Thibitisha.* Bi Sirvart alisogea, akabonyeza, kwa urahisi wa mtu anayefukuza nzi.

Ngazini zikasikika hatua za mtu aliyechoka anayejilazimisha kukimbia. Mlango uligongwa kwa kiganja. Jad alikwenda kufungua kabla hajaambiwa. Aliingia mwanamke mfupi mwenye nguo nyeusi, viatu vya nyumbani miguuni, simu mkononi, anahema.

"Umekwenda," alisema. "Umeme umekwenda. Ameitwa."

"Tumeona, mama," alisema Jad kwa upole. "Kaa. Tumeshaona."

"Nilikuwa na mboga jikoni. Nimezima nikaja." Mama Rim aliketi kwenye kiti kilichokuwa chini ya koti la mwanawe, na ilionekana wazi kwamba kiti hicho hakikuwa cha mtu mwingine. Bi Sirvart alimpa glasi ya maji. Hakuna aliyeshangaa. Widad alihesabu kichwani: umeme hukatika mara ngapi kwa siku, siku ngapi tangu Oktoba.

"Mama, Jumapili ulikuja?"

"Nilikuja. Liliita saa mbili. Nikakaa ngazini."

"Kwa nini ngazini?"

"Hapakuwa na mtu. Mimi sina ufunguo. Nikampigia Sirvart, akaja kwa basi." Alikunywa. "Akanifungulia, tukaingia. Mimi nikalala hapa hapa kitini. Yeye alikuwa na shughuli zake."

Mgongo wa Bi Sirvart haukutikisika.

Widad hakumgeukia. Alifungua sanduku la barua, akaanza kuteremka. Ujumbe wa kabati ulikuwa zaidi ya mia nne, mmoja juu ya mwingine, wote ukianza kwa jina lile lile. Rim, Rim, Rim. Machi. Februari. Kwenye tarehe kumi na nne Januari alisimama. Saa tano na robo, kabati: thibitisha. Saa tano na dakika kumi na nane, kabati: thibitisha. Saa tano na dakika ishirini, jarida: waandishi wote wanatakiwa kuthibitisha mpangilio mpya wa majina. Kitufe cha kijani, upana ule ule. Saa tano na dakika ishirini na tano, kabati tena. Zote nne zimejibiwa ndiyo.

Aliendelea kuteremka hadi Novemba.

"Jad," alisema. "Njoo usome kwa sauti."

"Nisome nini?"

"Tarehe ishirini na sita. Siku ya pili ya jaribio lako."

Kijana alisogea. Mwanga wa kioo ulimpiga usoni kutoka chini.

"*Rim, joto nyuzi thelathini na tano*," alisoma. "*Rim, joto nyuzi thelathini na moja.*" Aliteremka mstari. "*Rim, joto nyuzi ishirini na nane. Rim, tafadhali thibitisha. Rim, joto nyuzi ishirini na nne.*"

"Ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa saa ngapi?"

"Tisa."

"Na hazikujibiwa hata moja. Seli zisizo na subira zilifanya nini, daktari mtarajiwa?"

"Nilizihamisha. Kwenye jengo la kemia, kuna kabati."

"Kemia wanatumia jenereta hii hii."

"Zilistahimili, basi. Zingine hustahimili."

"Siku hiyo naikumbuka," alisema Mama Rim kutoka kitini kwake, kana kwamba ameulizwa habari za mvua. "Dizeli ilikwisha chuo kizima. Simu yake nilikuwa nimeiacha kwa jirani, ndiyo maana nilichelewa. Nilipofika nilimkuta Sirvart anazimimina sinkini, anazitia dawa ya kuulia. Nikamwambia, za nani hizo? Akasema, za Jad, zote zimekufa. Nilimwonea huruma mtoto wa watu."

Jenereta ilikohoa chini, ikawaka. Taa zilirudi, na kila mtu akaonekana alivyo: Profesa amekunja mikono, Jad mweupe kama karatasi, mama na glasi yake.

*

Chumba cha kuoshea kilikuwa na nafasi ya watu wawili wasiogombana. Widad alimtanguliza Bi Sirvart, akafunga mlango.

"Kadi za mlango Jumapili hazikurekodi mtu," alisema. "Mlinzi ananiambia mzimu. Mimi naona umeme ulikuwa umekatika, na bila umeme kadi haifungui hata sanduku la viatu. Mlango unafunguka kwa ufunguo wa chuma tu. Ziko mbili. Wa Profesa ulikuwa naye Larnaka, Kupro, kwenye mkutano. Mwingine upo kwenye aproni yako."

Bi Sirvart aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye ukingo wa sinki, kana kwamba ameombwa uthibitisho.

"Mpakato ilikuwa na chaji, na mtandao una betri yake," alisema. "Mama alikuwa amelala."

"Kwa nini kwa jina la Rim?"

"La kwangu nani angelisoma? Naosha chupa, binti yangu. Miaka thelathini na moja naosha chupa za watu ambao sasa ni madaktari, wakinikuta sokoni hawanijui. Nikasema, Rim akisema, watasoma. Umeona? Wamesoma."

"Na Januari?"

Hapo mama mtu mzima alichukua chupa safi, akaisuuza tena.

"Siku ile umeme ulikuwa unacheza. Kabati linaita, nabonyeza, linaita, nabonyeza. Profesa akapita, akasema, Sirvart, mashine imemwandikia tena Rim, bonyeza ndiyo. Nikabonyeza. Kiingereza changu ni cha kwenye vibao vya chupa. Machi jarida lilipokuja ndipo nikaona jina la Jad juu. Nikaenda kumuuliza Profesa, lini mtoto huyu alikubali. Akaniambia, si wewe uliyebonyeza?"

Widad hakuandika hilo mara moja. "Ulikuwa na jambo jingine."

"Nani kasema?"

"Mtu akiwa na hasira tu, anaandika barua. Wewe ulingoja Machi, Aprili, hadi Jumapili. Ulikuwa unatafuta kitu."

Bi Sirvart alifungua kabati la sabuni, akahamisha madumu mawili, akatoa jalada la plastiki. Ndani kulikuwa na karatasi ya manjano, nyembamba, ya nakala. Madaftari ya maabara ile yalikuwa na kurasa mbili mbili: nyeupe ya mwanafunzi, manjano ya chini inayochanwa na fundi na kuwekwa ghalani.

"Kwenye daftari la Rim ukurasa wa Julai umekatwa kwa wembe," alisema. "Umekatwa vizuri, kama anayekata ngozi. Lakini nakala ninazo mimi. Hakuna anayekumbuka kuwa ninazo. Nimepekua masanduku ya miaka sita."

Widad aliilaza karatasi juu ya makala iliyochapwa, jedwali la pili. Mwandiko mdogo uliosimama wima. Rim alikuwa amekwisha kulirudia jaribio lile mwezi Julai, kabla wahakiki hawajaliomba. Namba zilikuwa ishirini na nne. Widad alizifuata kwa kalamu moja moja, Julai ya Rim na Novemba ya Jad. Zote zilikuwa zile zile, hadi tarakimu ya mwisho baada ya nukta.

"Unajua ukiweka sahihi itakuwaje?" aliuliza. "Kufungua akaunti ya mtu mwingine ni kufukuzwa. Na idhini ya Januari ina kidole chako."

"Nimebakiza miaka miwili nipumzike."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

"Yule aliyeko kitini pale anakuja kila umeme ukikatika," alisema Bi Sirvart. "Anadhani mwanawe bado anahitajika kazini. Na kweli anahitajika. Tumemtumia hadi leo. Lete karatasi yako."

*

Fomu iliwekwa kwenye meza ya katikati. Profesa aliisoma kwanza, akavua miwani.

"Tuzungumze kama watu wa nyumba moja," alisema. "Sirvart, hili likitoka hapa, unaondoka bila kiinua mgongo. Mimi nitaulizwa, nitajibu, maabara itafungwa miezi sita, itafunguliwa. Kijana huyu hatafunguliwa. Kuna njia. Andika barua kwa kamati: ulikuwa umechanganyikiwa na msiba, ulikosea, unaomba radhi. Hakuna lalamiko, hakuna kosa. Nitakutetea mwenyewe."

"Profesa anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema Widad. "Lakini anachosema kuhusu kazi yako ni kweli. Lazima nikwambie."

Jad alikuwa amesogea mbele ya Bi Sirvart. Hakumtazama Widad wala Profesa.

"Shangazi," alisema. "Mimi ni Jad. Unanijua. Mwaka wa kwanza nilipokosa nafasi ni wewe uliyenilisha hapa, ukaniletea ile mikate ya nyama ya kwenu, ukaniambia nitapata. Mwaka wa pili ukaniambia hivyo hivyo. Baba yangu ameuza gari kwa ada, anasubiri jina langu kwenye ile orodha. Seli zilikufa, ndiyo. Kila mara nilipozianza, umeme unakatika, zinakufa. Mara tatu. Namba za Rim zilikuwepo, za kweli. Sikutunga hata moja. Nilibadilisha tarehe tu."

"Na jina," alisema Bi Sirvart.

"Na jina. Anapungukiwa nini yeye sasa? Hahitaji. Andika tu kwamba ulikosea. Maneno mawili. Niombe radhi kwa maneno mawili, shangazi, nami nitakuwa daktari mzuri, naapa mbele ya mama huyu."

Mama Rim aliinua kichwa. Ilionekana hakuwa amefuata yote, ila alikuwa amesikia jina la mwanawe mara nyingi katika muda mfupi.

"Wanasemaje kuhusu Rim?" aliuliza.

Widad alitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika tano. Kesho saa sita ilikuwa mbali bado, lakini ofisi ya katibu ilikuwa inafungwa kwa leo.

Bi Sirvart alivua miwani ya kuoshea. Alichukua kalamu kutoka mfuko wa shati la Jad, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa za polepole, na chini yake sahihi. Akasukuma fomu kwa Widad pamoja na karatasi ya manjano. Kisha akairudisha kalamu mfukoni mwa kijana, akamnyoosha ukosi wa shati.

"Nilikulisha kwa sababu ulikuwa na njaa," alisema. "Ukiwa na njaa kesho, njoo nyumbani, utakula. Mlango unaujua."

"Shangazi."

"Kula utakula, Jad. Radhi sikuombi."